Ng'ombe akilala baada ya kuzaa, usikimbilie kisu

ILIKUWA saa kumi alfajiri hapa Bwera, wilayani Kasese. Ng'ombe wangu chotara wa Friziani, aliyezaa jioni iliyotangulia bila taabu, alikuwa amelala, shingo ameikunja, kichwa amekilaza ubavuni. Masikio yalikuwa ya baridi. Hakucheua, wala hakugeuka ndama wake alipolia.

Jirani yangu alimmulika kwa tochi akatikisa kichwa.

"Mwalimu, ita mchinjaji kabla hajafa. Mzoga haununuliwi."

Maneno hayo yaliniuma, kwani karo ya wanangu hutoka katika kiwele cha ng'ombe huyo. Yaliniuma zaidi kwa kuwa sikuwa na jibu, mimi mtoto wa wafugaji. Nilisoma ng'ambo, Kongo, na tulirudi Uganda mwaka 2006 pamoja na Wasongora wengine walioondolewa na mifugo yao katika Hifadhi ya Virunga. Miaka yote hiyo niliona ng'ombe wa pembe ndefu wakizaa porini, ila sikuona hata mmoja akianguka namna ile.

Sababu nilielezwa na daktari wa mifugo. Ng'ombe wa pembe ndefu hutoa maziwa machache, ya ndama na ya kibuyu cha nyumbani. Chotara hutoa mengi, na anapozaa, kiwele huvuta kalisiamu kutoka kwenye damu haraka kuliko mwili unavyoweza kuirudisha. Misuli hulegea, miguu hukataa, na asipotibiwa moyo nao huchoka.

Ugonjwa huo huitwa homa ya maziwa, jina la kupotosha maana mgonjwa hapati homa bali hupoa. Wengi huanguka ndani ya siku tatu tangu kuzaa, hasa waliokwisha kuzaa mara kadhaa.

Daktari nilimpata kwa simu ya tatu. Alipofika aliitia chupa ya kalisiamu kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, kisha akaipitisha dawa katika mshipa wa shingo polepole sana, huku akisikiliza moyo. Dawa hiyo ikikimbizwa inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo si kazi ya kujaribia.

Kabla chupa haijaisha ng'ombe alianza kutetemeka, akateuka, akaachia kinyesi. Baada ya nusu saa alisimama. Jirani alikuwa bado pale, hakusema kitu.

Zamani, kabla ya dawa hii, madaktari wa Ulaya walijaza hewa kwenye kiwele kwa pampu ili maziwa yasiendelee kushuka, na ng'ombe wengi waliinuka. Msomaji mwenye pampu ya baiskeli asishawishike: uchafu ukiingia kwenye chuchu, kiwele huoza.

Unapomsubiri daktari, mkalishe ng'ombe kifudifudi, umwegemeze kwa magunia ya majani ili asilale ubavu akavimba tumbo. Mgeuze kila baada ya saa chache. Usimnyweshe uji wala dawa kwa chupa, kwani koo limelegea na kitu hicho kitaingia mapafuni. Nina hakika wengine tumewaua kwa chupa hiyo, tukasema ni ugonjwa.

Liko pia suala la kondo la nyuma. Lisipotoka kwa siku nzima, watu hulivuta au hulifungia jiwe. Kuvuta huchana mji wa mimba na kuacha vipande ndani. Aidha, ng'ombe aliyetupa mimba huenda ana brusela, ambayo humwingia binadamu kupitia majimaji ya uzazi na maziwa mabichi. Homa yake na maumivu ya viungo hudhaniwa malaria kwa miezi. Vaa glovu, chemsha maziwa.

Akifa ghafla damu ikitoka puani au nyuma, usimpasue. Kimeta tunakijua hapa. Kiliua mamia ya viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth mwaka 2004 na 2005.

Tatizo letu ni daktari kufika. Tangu miaka ya 1990 matibabu ya mifugo yaliachiwa zaidi watu binafsi, na mfugaji hulipia dawa, kazi na mafuta ya pikipiki. Mwenye ng'ombe mmoja mlimani hana fedha hizo usiku wa manane. Tunahimizwa uhimilishaji ili tupate maziwa mengi, lakini anayetuletea mbegu mara chache hutuambia habari za chupa ya kalisiamu. Kwa maoni yangu, viwango vya maziwa na vya huduma vingepanda pamoja.

Namba ya daktari nimeiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi. Jirani alikuja wiki iliyopita kuinakili. Mtamba wake ana mimba ya miezi minane.