Darsa iliyorushwa mtandaoni bado haijahifadhiwa

Siku ya khitma ya mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, wanawe walitaka kuwasikilizisha ndugu waliotoka mbali darsa ya mwisho aliyoisomesha baba yao baada ya Alasiri, katika Ramadhani iliyotangulia maradhi yake. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba darsa hiyo ipo. Ilirushwa moja kwa moja mtandaoni. Binti yake aliyeko Muscat aliitazama kwenye kompyuta ya nyumbani kwake tangu mwanzo hadi mwisho, na kiungo chake kilikuwamo katika simu za watu wengi. Kilipobonyezwa, hakikufungua kitu. Akaunti ya kijana aliyekuwa akirusha ilikuwa imekwishafungwa, na simu yake ya wakati ule alikwishaiuza. Mzee alisomesha zaidi ya miaka 30, na sauti yake haikubaki hata kwa dakika moja.

Wazee wetu wa zama za kaseti hawakufikwa na jambo hili kwa wepesi. Aliyetaka kusikiliza mhadhara nyumbani alilazimika kuwa na kaseti yake, na kaseti ile ilibaki kabatini, ikaazimwa na majirani, ikanakiliwa. Sisi leo tunasikiliza bila kumiliki kitu. Tukifunga simu, kilichobaki kimo mikononi mwa wengine, nao wana kanuni zao.

Kanuni hizo yafaa tuzijue. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, ilitangaza kuwa kuanzia Februari 19, 2025, matangazo mapya ya moja kwa moja yatabaki kwa siku 30 tu, kisha yatafutwa. YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12, lakini mwenye akaunti akiyafuta, au akaunti ikifungwa, nayo hutoweka. Misikiti na madrasa nyingi hurusha darsa zao kwa njia hizi, na aghalabu hakuna anayebaki na nakala.

Idhini kwanza

Kabla ya kugusa kompyuta, tuanze na adabu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Allah (SW) anatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Kazi ya mtu ni miongoni mwa haki zake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilikata kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia, na haifai kuzivunja.

Kwa hiyo, mwombe idhini sheikh au uongozi wa msikiti. Ikiwa aliyerusha bado anayo nakala, mwombe yeye akupe, maana ya kwake ndiyo bora zaidi. Filamu na vipindi vya kulipia tusivihesabu humu. Shughuli za wanawake, kama vile harusi na maulidi ya ndani, zina sitara yake: kualikwa kutazama si ruhusa ya kurekodi. Vivyo hivyo picha za watoto wa watu wakiwa madrasa.

Namna ya kurekodi

Ukishapata idhini, kazi yenyewe si ngumu. Programu ya OBS Studio hupatikana bure, na hufanya kazi katika kompyuta za Windows, Mac na Linux. Hunasa kile kinachoonekana kwenye kioo pamoja na sauti inayotoka ndani ya kompyuta. Mwenye Windows 10 au 11 anaweza pia kubonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows, Alt na herufi R. Kompyuta itaanza kurekodi dirisha lililo mbele yake.

Katika OBS, chagua kunasa dirisha moja tu lenye darsa, usinase kioo kizima, ili ujumbe wako binafsi usiingie katika rekodi. Zima kipaza sauti cha kompyuta, la sivyo utahifadhi tafsiri ya Qur'ani pamoja na kilio cha mtoto na mazungumzo ya jikoni. Zuia kompyuta isijizime yenyewe ikiachwa bila kuguswa. Kisha jaribu kwa dakika moja, usikilize ulichonasa. Waliopuuza jaribio hili ndio waliojikuta na picha ya saa nzima isiyo na sauti.

Lipo jambo moja ambalo sisi tunaojua kukatika kwa umeme hatupaswi kulisahau. Kabla ya kuanza, chagua faili la aina ya MKV. Umeme ukikatika katikati ya darsa, sehemu iliyokwisha kurekodiwa hubaki salama. Faili la kawaida la MP4 likikatizwa kabla ya kufungwa, huenda lisifunguke kabisa. Ukimaliza, OBS yenyewe ina sehemu ya kuigeuza MKV kuwa MP4 bila kupunguza ubora.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Kwa kipimo cha kilobiti 2,500 kwa sekunde, ambacho kinatosha kwa mtu aliyekaa na kitabu chake, saa moja huchukua takriban gigabaiti 1.1. Darsa 30 za Ramadhani, za saa moja kila moja, zitataka kama gigabaiti 34. Ukihifadhi sauti peke yake kwa kilobiti 128, saa moja haifiki megabaiti 60. Tena kurekodi hakuli bando zaidi ya lile linalotumika kutazama, na ukishahifadhi, familia itarudia kusikiliza bila kulipia tena.

Baada ya kurekodi

Faili lisilo na jina ni kama kitabu kisicho na jalada. Andika mwaka, mwezi, siku, jina la msomeshaji na mada. Weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine, kwa kuwa mwizi na moto havichagui. Flashi ikikataa faili kubwa ilhali nafasi ipo, huenda imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili linalofika gigabaiti 4; hamishia kwanza vilivyomo, kisha iandaliwe upya kwa mfumo wa exFAT. Wala usitangaze rekodi hiyo mtandaoni pasipo idhini nyingine ya mwenyewe. Idhini ya kuhifadhi nyumbani haikupi ruhusa ya kusambaza.

Wazazi wapewe kijana mmoja wa nyumba jukumu hili, na misikiti nayo imteue mtu wa kuhifadhi, kama inavyomteua wa kurusha. Elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo matatu ambayo Mtume (SAW) alitufundisha kuwa thawabu zake hazikatiki mja anapofariki. Kuihifadhi ni kumsaidia aliyeisomesha.

Binti yule wa Muscat alikaa saa nzima mbele ya kompyuta yenye uwezo wote tulioueleza hapa, na baba yake asingemnyima idhini. Hakuwa na habari tu kwamba jambo hilo linawezekana. Sisi tumekwisha kujua, na walimu wetu wengi bado wako hai. Tumuombe Allah awape umri wenye kheri, na atuwezeshe kuitunza elimu yao. Aamin.