Turbo Hununuliwa, Mabomba Huundwa

Kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika hadi Bugarama ni kilomita zisizofika 40, lakini katika mwendo huo mfupi Barabara ya Taifa namba 1 ya Burundi hupanda kutoka mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 2,200. Mjini Bujumbura mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 92 hivi. Kule juu ni 77 au 78. Injini ya dizeli isiyo na turbo hufika Bugarama ikivuta hewa yenye mgandamizo uliopungua kwa takriban asilimia 16, na ubaridi wa mlimani hurudisha sehemu ndogo tu ya hasara hiyo. Wakati huohuo pampu ya mafuta ya kizamani, ile isiyo na kompyuta, huendelea kumimina dizeli ileile. Dizeli isiyopata hewa ya kuungua ndiyo ule moshi mweusi unaowafunika waendesha baiskeli wanaoshikilia nyuma ya malori ili wavutwe kupanda.

Dawa yake imejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi wa moto ambao vinginevyo hupotea uzungushe gurudumu, na gurudumu hilo lizungushe jingine linalosukuma hewa ndani ya silinda. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya mlima Pikes Peak, mita 4,300 hivi. Injini hiyo, iliyotoa nguvu za farasi 350 kwenye usawa wa bahari, ilibaki na kama 230 kule kileleni. Ilipofungwa turbo ikarudi kwenye 350 na kuzidi kidogo. Jaribio lilikuwa la ndege, lakini mimi hulisoma kama habari ya Bugarama.

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndiyo lugha ya spana na ya bei, turbo yenyewe si kitu kigumu kupata. Huja ya mtumba, pamoja na shehena nyingine zinazopitia bandari ya Dar es Salaam. Injini ya kuifungia ipo pia. Chukua 1HZ ya Toyota: silinda 6, lita 4.2, haikutoka kiwandani na turbo, imo kwenye Land Cruiser za mashirika na kwenye mabasi ya Coaster. Anayejiundia lori dogo nyumbani, fremu ya gari moja na injini ya jingine, ana sababu nzuri ya kuichagua. Kisichopatikana dukani ni mabomba. Hakuna kiwanda kilichochora njia ya hewa kwa lori ambalo umelibuni wewe. Tena sisi huendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani upande huohuo wa kulia, kwa hiyo hata picha ya injini kama yako iliyofungwa kwenye gari la mwenzako inaweza kukuonyesha nafasi ambayo kwako tayari imechukuliwa na shafti ya usukani.

Nimeona kazi nyingi za turbo zikiharibika, na mara chache kosa lilikuwa la turbo. Bomba ndilo hupitisha mchanga, huvuja, hupasuka au huipikia injini hewa yake. Ndiyo maana nasema bomba lihesabiwe kuwa kiungo cha injini, na litengewe muda na fedha kama kiungo.

Kazi huanzia kwenye ncha, katikati hufuata. Funga kwanza injini, turbo, rejeta, intakula (kipoza hewa), betri na boneti mahali pake pa mwisho. Fundi anayekata bomba kabla rejeta haijakaa atalikata tena. Kisha legeza boliti za ganda la turbo upande wa hewa: ganda hilo huzunguka, na mara nyingi ukiligeuza kidogo tu mdomo wake unaelekea kwenye intakula na kona nzima ya bomba inakuwa haina kazi. Kona uliyoiondoa kwa spana haivuji na haihitaji kuchomelewa. Acha pia nafasi ya angalau sentimita 2 kati ya bomba na chochote kilichofungwa kwenye fremu, kwa kuwa injini hukaa juu ya mipira na hujipinda unapokanyaga mafuta. Bomba linalogusa fremu litagonga hadi litoboke.

Swali la kwanza la wateja huwa ni upana wa bomba, na wengi hutaka kubwa. Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika humeza karibu lita 6,000 za hewa iliyokwisha kukandamizwa kila dakika. Ndani ya bomba la milimita 63, yaani inchi 2 na nusu, hewa hiyo hukimbia kama mita 35 kwa sekunde, na hasara ya maana huanza kwenye kasi mara mbili au tatu ya hiyo. Inchi 2 na nusu zinatosha kabisa. Hofu ya kwamba bomba refu huchelewesha turbo nayo imetiwa chumvi: mita 2 za bomba hilo hubeba lita zisizofika 6, na injini hunywa ujazo huo kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Kona ndiyo ya kuangaliwa. Kona iliyokatwa kwa msumeno na kuunganishwa kwa pembe kali hupoteza mgandamizo mara nne au tano zaidi ya kona iliyopindwa taratibu. Usipopata kona za kupindwa, kata vipande vingi vyembamba vya mshazari uviunganishe kama ganda la kakakuona, pembe kidogo kidogo.

Sasa maungio. Turbo ikisukuma nusu baa tu juu ya hewa ya kawaida, bomba la milimita 63 linasukumwa litoke kwenye mpira wake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 16. Ikifika baa moja ni kilo zaidi ya 30. Bomba laini lililochomekwa kwenye mpira na kubanwa kwa klipu ya kawaida litachomoka, na litachomoka mlimani, kwa sababu mlimani ndipo turbo inaposukuma kwa nguvu zake zote. Kila ncha lazima iwe na ukingo ulioinuka. Mashine ya kuviringisha ukingo huo ni nadra, lakini fundi mzuri huchomelea mstari mwembamba kuzunguka ncha, milimita chache kutoka mwisho, kisha huulainisha kwa tupa usiukate mpira. Klipu hukaa nyuma ya ukingo. Klipu pana ya boliti ndiyo ya kununua. Ile nyembamba yenye matundu hula mpira. Mpira wenyewe uwe wa silikoni wenye nyuzi ndani. Mpira wa rejeta umeumbwa kwa maji, na mvuke wa oili unaotoka kwenye turbo huulainisha hadi unavimba.

Kwa upande huu wa hewa, chuma laini cha ekzosi chenye unene wa milimita 1.5 hivi kinafaa, kikipakwa rangi nje. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini inataka mashine ya argoni na mkono uliozoea. Bomba la maji lililopakwa zinki nalikataa. Zinki ikichomwa hutoa mafusho yanayomletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku huo, na mabaki yake hubanduka vipandevipande ndani ya bomba.

Usafi wa ndani ndio ninaousisitiza kuliko yote. Kuchomelea kwa vijiti, njia iliyozoeleka zaidi, huacha gaga na vitone vya chuma ndani ya bomba, mahali ambapo jicho halifiki. Kitone kilichoko kabla ya turbo kitakutana na gurudumu linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kilichoko baada ya turbo kitaingia moja kwa moja kwenye silinda, maana katikati hakuna chujio. Kwa hiyo kila kipande kichomelewe kikiwa kifupi, kiasi cha mkono au tupa kufika ndani, kisuguliwe, kigongwe, kipulizwe, kioshwe kwa dizeli, na kitambaa cheupe kipitishwe hadi kitoke cheupe. Baada ya hapo ndipo vipande viunganishwe. Tumia vijiti vya milimita 2 na umeme mdogo, na usichomelee bomba likiwa limefungwa kwenye gari. Umeme ukipita kwenye turbo kutafuta njia ya kurudi, huzichoma beringi zake.

Bomba la kutoka kwenye chujio la hewa kwenda turbo hudharauliwa kwa kuwa halina mgandamizo. Hilo huvuta. Mpira laini hujikunja na kuziba injini inapohitaji hewa, na tundu dogo hunyonya vumbi jekundu la barabara zetu likiwa halijachujwa. Mwanya unaopitisha ukucha unatosha kulisaga gurudumu la turbo na pete za pistoni.

Upande wa moto una sheria zake. Bomba la chuma lenye urefu wa nusu mita likipata joto la nyuzi 500 zaidi hurefuka milimita 3. La chuma kisichoshika kutu hurefuka zaidi ya 4. Lisipopewa pa kurefukia litavunja weldi au litapasua manifodi. Weka kipande cha kunyumbuka baada ya turbo, na ekzosi ining'inizwe kwenye mipira yake ili uzito wake usiielemee turbo. Kiungo cha kutoka manifodi hadi turbo kiwe cha bomba nene, milimita 3 au zaidi, na flanji ya milimita 10 au 12. Unapoichomelea flanji, ifunge kwanza kwa boliti kwenye bamba nene na uiache hapo hadi ipoe kabisa, la sivyo itapinda na gaski haitaziba. Mabomba ya breki na ya mafuta yaliyo karibu yakingwe kwa bati. Na mdomo wa ekzosi, tafadhali, uelekee pembeni au juu. Wale vijana wa baiskeli wanapumua.

Njia ya oili naipitia kwa ufupi. Oili huingia kwenye turbo kwa kusukumwa, ila hutoka kwa uzito wake tu. Bomba la kurudisha liwe pana, lishuke karibu wima, lisiwe na tumbo, na liingie juu ya kiwango cha oili kwenye karta. Turbo nyingi zinazotupwa kwa kuitwa mbovu kwa sababu zinatoa moshi wa bluu zina bomba la kurudishia lililolala.

Intakula je? Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa nusu baa hutoka kwenye turbo ikikaribia nyuzi 90. Bila kuipoza, silinda hupata hewa zaidi kwa kama asilimia 30. Ikipozwa hadi nyuzi 50, ongezeko hukaribia asilimia 45, na pistoni hupumua pia. Kwa lori la kubeba mizigo mlimani mimi siitoi intakula kwenye bajeti. Iweke mbele ya rejeta, penye upepo.

Kabla ya kuwasha, ziba ncha zote mbili za mabomba ya hewa kwa vifuniko, kimoja kikiwa na valvu ya tairi, uvifunge kwa kamba imara visiruke, kisha jaza hewa hadi nusu baa. Pampu ya baiskeli inatosha. Paka maji ya sabuni kila ungio na kila weldi. Povu likitokea, rudi kazini.

1HZ ina uwiano wa mkandamizo unaozidi 22 kwa 1, na haikujengwa kubeba turbo kubwa. Nusu baa ni kiasi cha heshima. Atakayetafuta baa moja atatafuta na silinda hedi nyingine. Funga geji ya mgandamizo, na muhimu zaidi, kipimajoto cha moshi kabla ya turbo. Kwenye mwinuko mrefu joto hilo lisipite nyuzi 700. Likikaribia hapo, punguza mguu na ushushe gia. Pampu ya mafuta isiongezwe hadi moshi mweusi utokee: katika mji ambao miaka ya karibuni watu wamelala kwenye foleni za mafuta, moshi huo ni dizeli iliyolipiwa ikamwagwa barabarani.

Safari ya kwanza ya kupanda Bugarama iwe na mzigo nusu, asubuhi, ukiwa na spana ya klipu mkononi. Simama katikati ya mlima, acha injini iungurume dakika 2 au 3 ili turbo ipoe huku oili ikipita, kisha uzime na ukague kila ungio. Mpira mpya ukishapata joto hulainika na klipu hulegea kidogo. Ikaze pale pale. Tazama kama bomba limesogea kutoka alama uliyoiweka kwa chaki, kama kuna unyevu wa oili kwenye ncha, kama rangi imesuguliwa mahali. Ukirudi mjini fungua bomba la chujio na upitishe kidole ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, lori lisitoke tena gereji hadi tundu lipatikane.