Somo la Redio: Kupamba Meko kwa Sikukuu ya Uhuru wa Marekani

Wekeni kalamu mezani, msikilize kwanza. Baadaye tutaandika.

Leo twazungumza juu ya sikukuu ya Marekani. Tarehe 4 Julai, 1776, makoloni 13 yaliyokuwa chini ya mfalme wa Uingereza yalitangaza uhuru wao mjini Philadelphia. Hata leo watu wa huko huikumbuka siku hiyo, na wengi hupamba nyumba zao.

Kwetu Tanzania, Julai ni mwezi wa baridi. Huko ni wakati wa joto. Nyumba nyingi za huko zina meko yaliyojengwa ukutani, yenye dohani ya kutolea moshi. Si meko ya kupikia, ni ya kuota moto. Juu yake pana rafu ndefu ya ubao au ya jiwe. Wakati wa joto moto hauwashwi, na meko hubaki matupu. Ndiyo sababu hupambwa.

Kazi hufanywa hivi.

Kwanza, zoa majivu, upanguse masizi.

Pili, tundika kitambaa cha mapambo ukingoni mwa rafu. Bunge la Marekani lilipitisha taratibu za bendera mwaka 1942. Zasema rangi ya buluu iwe juu, nyeupe katikati, nyekundu chini. Kumbuka, kitambaa hiki si bendera. Bendera yenyewe haifanywi pazia, wala haitandikwi rafuni.

Tatu, tundika bendera ukutani, juu ya rafu. Hapa ndipo wengi hukosea. Bendera ina kipande cha buluu chenye nyota. Ikilazwa, nyota ziwe juu, upande wa kushoto wa mtu anayeitazama. Ikisimamishwa, nyota ziwe pale pale, juu kushoto. Wengine huizungusha tu, nyota zikahamia kulia. Basi igeuze, upande wa nyuma uwe mbele. Isome bendera kama unavyosoma ukurasa: anza juu, kushoto.

Kosa kubwa zaidi ni kuipindua. Nyota zikiwa chini, maana yake ni, "Tuko hatarini, tusaidieni!" Aliyetaka kuwafurahisha jirani zake atawatia hofu.

Nne, pamba kwa kiasi. Maua meupe na mekundu katika chombo cha buluu yatosha. Usiku ukiwa na baridi, mkataka kuwasha moto, ondoeni kwanza vitambaa vyote. Nguo inayoning'inia juu ya moto yaweza kuunguza nyumba nzima.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni maneno haya: meko, dohani, rafu, masizi, bendera.

Tufanye na hesabu. Bendera ya Marekani ina mistari myekundu 7 na myeupe 6. Jumla ni ngapi? Mmekumbuka yale makoloni? Tena, tangu tarehe 4 Julai, 1960, ina safu 5 zenye nyota 6 kila moja, na safu 4 zenye nyota 5 kila moja. Jumlisheni. Mtapata idadi ya majimbo ya nchi hiyo.

Mwisho, swali la kuzungumza darasani. Bendera yetu ina kijani na buluu. Ikipandishwa mlingotini, rangi ipi huwa juu? Msikisie. Nendeni mkaitazame ile ya shule au ya ofisi iliyo karibu, kisha mwandike jibu.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.