Kutengana si kugawana: nyumba yetu ya Kisauni na hesabu ya miaka 12

Nilipoletewa talaka yangu mwezi wa Septemba 2023, nilidhani kilichobaki ni kukaa eda tu. Kwa umri wangu eda ni miezi mitatu. Ilipokwisha, hata wiki mbili hazijapita, shemeji yangu, kakake mtalaka wangu, akaja na ujumbe: nyumba iuzwe tugawane, au nimpe mwenzangu nusu yake pamoja na nusu ya kodi yote niliyokusanya tangu 2011.

Nilicheka. Huyu mtu ameondoka Kisauni miaka 12, ameoa Malindi, na muda wote huo hajabadilisha hata bati moja. Nusu gani? Shemeji akanijibu kwa upole, maana ni mtu wa adabu: "Dada, umekaa wewe, lakini mlijenga nyote wawili."

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi ambayo ningetamani mtu anieleze 2011. Nayaandika kwa sababu najua nyumba si chini ya kumi katika mtaa wetu zenye kisa kama changu: mume yuko kwingine, au mke yuko Saudia au Oman akituma pesa, wameachana kwa vitendo lakini hawajaachana kwa talaka, na nyumba iko katikati haina mwenyewe anayejulikana.

Nianze na nyumba yenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili, milango sita na ukumbi katikati, uwani choo na kisima. Tulianza kuijenga 1999 tukahamia 2003. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, akanunua mawe na simiti. Mimi nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi asubuhi, na pesa za mchezo zangu mbili ndizo zilizonunua mbao za paa, bati za kwanza na milango. Chakula cha mafundi pia ni mimi. Ardhi si yetu. Ni zile nyumba bila ardhi mnazozijua wenyewe hapa Mombasa: jengo ni lako, kiwanja ni cha mwenyewe, na kila mwezi unamlipa karani wake kodi ya ardhi na kuandikiwa risiti. Risiti zetu zote zina jina la mume. Hata miaka 12 niliyolipa mimi kwa mkono wangu, karani aliendelea kuandika jina lile lile, nami sikuona haja ya kumsahihisha.

Maneno ya barazani yanasema mume na mke wakikaa mbali muda mrefu, ndoa huwa imejivunja yenyewe. Wengine hutaja miezi sita, wengine miaka minne. Si kweli. Ndoa ya Kiislamu huvunjwa na talaka, au khului, au kadhi akiivunja kwa sababu anazozikubali. Kalenda haivunji ndoa. Hata kwa wenzetu waliooana kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kutengana miaka miwili au zaidi ni mojawapo ya dalili kwamba ndoa imeharibika kabisa, lakini bado ni lazima mahakama itamke.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2017 mume wangu alilazwa, ikasemekana hatopona. Angekufa siku ile, ningekuwa mjane wake, si mtalaka. Kwa kuwa ana watoto, thumni ya mali yake ingegawanywa baina yangu na mke mwenzangu wa Malindi, na fungu lake katika nyumba hii lingeingia kwenye mirathi, lirithiwe na watoto wangu na watoto wa kule pia. Na kama ningekufa mimi, yeye angerithi robo ya mali yangu, hata zile mahamri. Alipona, alhamdulillahi. Lakini hakuna kati yetu aliyeamka akasema sasa tupange.

Wenye hatimiliki iliyoandikwa majina ya mume na mke wana jambo jingine la kuangalia. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki wa pamoja ni wa namna mbili. Upo ule ambao kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Na upo ule usiokuwa na mafungu, ambao mmoja akifa, aliyebaki huchukua yote. Watu wengi waliotengana hawajui hati yao ni ya namna gani. Ule wa pili unaweza kubadilishwa uwe wa mafungu, lakini ni lazima wenye hati wote watie sahihi, na mtu mliyegombana naye miaka kumi ukamtafute leo sahihi, kazi unayo.

Sasa, nani huamua na kwa sheria ipi? Hapo nilichanganyikiwa kwa muda mrefu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 3, inasema Muislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo yote ya mali ya ndoa. Na Katiba, ibara ya 170, inampa kadhi mamlaka katika ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zote zimekubali kuamuliwa naye. Mmoja akikataa, njia ni mahakama nyingine.

Tofauti ya njia hizi mbili si kubwa kama watu wanavyoogopeshana. Katika sheria ya dini, ndoa haichanganyi mali. Cha mume ni cha mume, cha mke ni cha mke, na chumo la mwanamke ni lake. Kwa hiyo mke hapati nusu kwa kuwa tu alikuwa mke. Lakini mlichokijenga kwa pesa za wote wawili ni shirika, na shirika hugawanywa kwa kadiri ya alichotia kila mmoja. Sheria ya 2013 nayo, kifungu cha 7, inasema mali ya ndoa ni ya kila mmoja kwa kadiri ya mchango wake. Inachoongeza ni kwamba mchango si pesa tu: kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia mali vyote vimetajwa. Na mali ikiwa imeandikwa majina ya wote wawili, mahakama huanza kwa kuichukulia kuwa ni sawa kwa sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Ikiwa ni jina la mmoja, huchukuliwa kwamba amemshikia na mwenzake, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wapo waliosikia kwamba Katiba ya 2010 imeleta nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ililifafanua hilo tarehe 27 Januari 2023: usawa wa ibara ya 45 si nusu ya moja kwa moja, kila mtu aonyeshe alichochangia. Katika kesi hiyo hiyo mke alipata nusu, lakini alipata kwa kuuonyesha mchango wake.

Kwa hiyo huku shirika, kule mchango. Pote utaulizwa: ushahidi uko wapi?

Sisi tulikaa kwa sulhu, wazee watatu na shehe mmoja, tukikubaliana kwamba tutakachoafikiana kitaandikwa na kupelekwa kwa kadhi. Ilituchukua takriban miezi mitano, na jambo la kugombana zaidi halikuwa ujenzi. Ilikuwa ile miaka 12.

Ujenzi ulimalizwa kwa vikao viwili. Yeye alidai asilimia 70. Risiti hakuwa nazo, nami pia sikuwa nazo za 1999. Aliyeniokoa ni fundi wa paa, mzee sasa, aliyekuja na mkongojo wake akasema mbao alilipwa na mimi, na mbaazi alikula kila asubuhi. Wazee wakaona hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa alitia zaidi ya mwenziwe, wakaandika nusu kwa nusu. Mthamini alikuwa amelithamini jengo, bila ardhi, kwa shilingi 1,400,000. Lakini vyumba viwili vya uwani nilivijenga mwenyewe 2018, na hivyo nilikuwa na karatasi za duka la simiti na jumbe za M-Pesa za mafundi. Vikahesabiwa 300,000 vikatolewa kando kuwa vyangu. Ikabaki 1,100,000, fungu lake 550,000.

Ndipo tukafika kwenye kodi. Tangu Septemba 2011 nilikuwa nikikaa vyumba viwili na kupangisha vinne. Mimi nilizihesabu pesa zile kuwa zangu, na nakiri nilikosea. Mzee mmoja aliniuliza, "Binti yangu, mpangaji analipia ukuta wa nani?" Sikuwa na jibu. Ukuta ni wa shirika, kodi yake ni ya shirika. Tulichukua wastani wa 2,000 kwa chumba, vyumba vinne, miezi 144, ikaja 1,152,000. Tukatoa miezi ya vyumba vitupu tukakubaliana 1,000,000. Kisha gharama: bati mpya za 2015, 140,000. Kodi ya ardhi 500 kwa mwezi, jumla 72,000. Choo na shimo jipya 68,000. Zote 280,000, na hizi nazo ni za shirika. Zikabaki 720,000, nusu yake 360,000. Vyumba viwili nilivyokaa alitaka navyo nivilipie, wazee wakamkatalia: alikuwa mumeo, makazi ni juu yake.

Basi niliona nimekwisha. 550,000 na 360,000 ningezitoa wapi?

Shehe ndiye aliyemgeukia mwenzangu akamuuliza kuhusu nafaka. Sikuondoka nyumbani, sikumkataa, aliondoka yeye. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, nafaka ya mke isiyolipwa haifutiki kwa kupita siku. Huwa deni. Ya watoto si hivyo. Ukiwalisha mwenyewe bila kwenda kwa kadhi kuamuriwa, miaka iliyopita ni vigumu kuidai kama deni. Ada zangu zote za shule, na risiti ninazo kwenye mkebe wa maziwa ya unga, hazikuingia kwenye hesabu. Hilo liliniuma kuliko kodi, na ndilo ningependa kina dada waliotengana na waume leo walisikie mapema: ya watoto idai sasa, usingoje talaka.

Nafaka yangu iliwekwa 3,000 kwa mwezi, miezi 144, ikawa 432,000. Juu yake mahari yaliyobaki tangu 1994, shilingi 10,000. Jumla 442,000. Ukiondoa 360,000 zake za kodi, alinidai nusu ya nyumba, nami nikamdai 82,000. Tukatoa 82,000 katika 550,000 zikabaki 468,000. Nitazilipa kwa miezi 36, elfu 13 kila mwezi, kutoka kodi ya vyumba.

Tuliangalia njia nyingine pia. Kuuza kungewatoa watoto, na mnunuzi wa jengo bila ardhi hutaka bei ya kutupa. Kukata nyumba katikati, yeye vyumba vitatu mimi vitatu, kulipendekezwa na shemeji, lakini ukumbi ni mmoja, choo ni kimoja, na mke wa Malindi angekuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango. Kuwaandikia watoto kulinivutia, mpaka shehe akatuuliza: ni watoto wa mama yupi? Kwa mwenye ghorofa lenye hatimiliki, Sheria ya 2020 ya umiliki wa vitengo inaruhusu kila nyumba kuwa na hati yake, na hapo mgao ni mwepesi. Na kama nyumba ni ya wakfu, msipoteze muda, hiyo haiuzwi wala haigawanywi.

Neno moja kwa wanaoomba khului. Nimesikia wanawake wakiambiwa waache fungu lao la nyumba ndipo waachwe. Kinachorudishwa kwa kawaida ni mahari. Fungu ulilojenga kwa jasho lako si mahari, na kabla hujaliachia kwa kuchoka, nenda kwa kadhi kwanza.

Mapatano yetu yaliandikwa, tukatia sahihi na mashahidi, yakapelekwa kwa kadhi yakarekodiwa. Nimelipa miezi 17. Namtumia kwa simu tarehe tano, na kila ujumbe nauandika pia kwenye daftari. Karani wa ardhi nilimwendea kuomba risiti zibadilishwe jina. Akasema mwenye kiwanja atataka ada yake ya kubadilisha, na atataka kuona deni limekwisha. Kitoka nyumba, kile kiliwazo cha mwanamke aliyeachwa, niliahidiwa, bado sijakiona. Imebaki miezi 19, na risiti ya mwezi huu bado ina jina lake.