Gundi Ipi kwa Ndege Ipi

Wanangu mnaokaa Apple Valley, ndege hamuhitaji kusimuliwa. Zinaruka kutoka uwanja wa Minneapolis–Saint Paul, kaskazini mwenu, na nyingine hupita juu ya mapaa yenu zikiwa bado zinapanda. Mimi leo nina habari za zile zinazokuja ndani ya boksi, vipandevipande, na mara nyingi bila gundi. Gundi unakwenda kuichagua mwenyewe dukani, na hapo ndipo kazi ilipo, maana rafu imejaa chupa na kila chupa inajisifu kuwa ina nguvu kuliko jirani yake.

Nguvu iacheni kwanza. Ulizeni: gundi hii hukaukaje? Moja hukauka kwa kupoteza maji. Nyingine hukauka kwa kupata maji. Nyingine haina habari na maji kabisa. Na kwenu Apple Valley, Minnesota, ambako wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, jambo hilo lina uzito wake.

Tuanze na balsa. Huu ni mti wa nchi za joto za Amerika, na balsa nyingi inayouzwa duniani hutoka Ecuador. Ubao wake ni mwepesi na laini, ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki. Ndani umejaa vitundu vidogo mno. Gundi nyeupe, au ile ya njano anayotumia seremala, huingia kwenye vitundu hivyo, maji yake yakatoroka, na kinachobaki kikazishika nyuzi za ubao pande zote mbili. Karibu nusu ya uzito wa gundi hiyo ni maji, kwa hiyo ikikauka, ndege yako inapungua uzito. Angalieni tu ncha ya ubao, pale ulipokatwa kukingama na nyuzi: hunywa gundi yote hadi kiungo kikabaki kikavu. Paka kidogo, acha ikauke, paka tena ndipo uunge. Kisha bana kwa pini au vibanio vya nguo, ukalale.

Mtaniuliza: mjomba, tungoje usiku kucha kwa nini, na supagluu ipo?

Supagluu ina kisa chake. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea shabaha kwenye bunduki. Akapata kitu kinachong'ang'ania kila kinachokigusa, akakiweka kando kwa kero. Mwaka 1951 kikamrudia. Mwenzake Fred Joyner alikipaka kati ya prizimu mbili za chombo cha maabara ili akipime, na zile prizimu hazikuachana tena. Safari hii Coover alielewa kwamba alichonacho mkononi ni gundi. Ilianza kuuzwa mwaka 1958.

Kinachoifanya igande ni maji. Si maji ya kumwaga, ni ule unyevu mwembamba usioonekana, uliotanda juu ya karibu kila kitu. Vidole vyako vinao tele, ndiyo sababu huvishika kabla ya bawa. Sasa fikirini Januari. Hewa yenye baridi kali hubeba mvuke kidogo sana. Ikiingia ndani na kupashwa joto na hita, mvuke ni uleule mchache, na nyumba inakauka hadi midomo ikapasuka. Supagluu inayoshika kwa sekunde chache mwezi Julai, Januari inaweza kusuasua mpaka ukadhani umeuziwa feki. Upumulie kwanza ubao upande mmoja ndipo upake gundi upande wa pili na kuunga. Usipumulie gundi yenyewe ukiwa umeinamia: mvuke wake unachoma macho na pua.

Mvuke huohuo ni adui wa kioo cha rubani. Ukikibandika kwa supagluu, kesho yake unakikuta kimetanda utando mweupe, na katikati ya utando pengine alama za vidole vyako zimejichora mstari kwa mstari, kwa kuwa mvuke hugandia pale palipobaki jasho na mafuta ya ngozi. Polisi wanautumia mvuke huo kwa makusudi kufichua alama za vidole. Wewe kioo chako kibandike kwa gundi nyeupe inayokauka ikawa angavu.

Ndege za plastiki ni habari nyingine. Gundi yake, kwa kweli, si ya kunata. Ni kimiminika kinachoyeyusha plastiki: unashikanisha nusu mbili za kiwiliwili, unagusa mstari wa maungio kwa ncha ya brashi, nacho kinakimbia chenyewe ndani ya ufa. Kingo mbili zinalainika, zinachanganyika, kimiminika kinaruka hewani, na kilichokuwa vipande viwili kimekuwa kimoja. Kwa hiyo haifai kwa ubao wala chuma, na kingo zikiwa na rangi, ikwangue kwanza.

Msidhani kuunga nusu mbili ni mchezo wa kitoto. Ndege ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, kiwiliwili chake kilijengwa hivyohivyo: nusu mbili, kila moja balsa katikati ya plaiwudi nyembamba, zikabandikwa pamoja. Gundi yake ya mwanzo ilikuwa ya kaseini, inayotokana na maziwa. Unyevu uliisumbua, na baadaye wakahamia gundi ya kiwandani.

Nusu zenu zishikeni kwa utepe wa karatasi zikikauka. Huo ni wa nyumbani kwenu: Richard Drew wa 3M, pale Saint Paul, aliutengeneza mwaka 1925 baada ya kuwaona mafundi rangi wa magari wakihangaika kupiga rangi mbili bila kuchanganyika. Na katika kampuni hiyohiyo, mwaka 1968, Spencer Silver alipata gundi dhaifu, inayoshika na kuachia, na ikakaa miaka bila kazi kabla ya kuishia nyuma ya vile vikaratasi vya kubandika na kubandua. Ukitaka kushikiza ramani ya bawa juu ya balsa uikate halafu uibandue, udhaifu huo ndio unaoutafuta.

Wazazi watasema, na wana haki, harufu hiyo ipelekeni gereji. Julai sawa. Januari gereji ni friji. Gundi nyingi za mbao, zikikaukia kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi, hubaki nyeupe kama chaki na hazishiki kitu. Epoksi nayo, ile ya mirija miwili inayochanganywa, haitaki maji wala hewa, lakini inataka joto: iliyoandikwa dakika tano inaweza kubaki ulimbo hadi jioni. Bora mfanye kazi ndani, dirisha likifunguliwa kidogo, na kwa plastiki chagueni gundi ya limonini, inayotokana na maganda ya machungwa. Bado ni kemikali, ila si kali kichwani kama nyingine.

Epoksi itunzeni kwa pale injini au mota inaposhikizwa. Ni nzito, na haipungui ikikauka. Kwa kuwa mkia uko mbali na bawa kuliko pua, gramu moja ya gundi mkiani inaweza kudai gramu mbili au tatu za risasi puani ili ndege isawazike. Nimeona ndege nzuri zikikataa kuruka kwa ajili ya mkia uliopakwa gundi kwa ukarimu.

Za povu jepesi zijaribuni kwanza kwenye kipande cha kutupa, kwa maana supagluu ya kawaida hulila povu la polistirini likabaki shimo. Na msifute supagluu kwa pamba. Vikikutana hupata moto mkali, hata kutoa moshi. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uvizungushe taratibu, usivute.

Kazi ikiisha, gundi nyeupe usiiache gereji wala kwenye buti la gari, maana ikiganda barafu huharibika. Supagluu ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa kwenye friji, mbali na chakula. Ukiitoa, ingoje ipate joto la chumba ndipo uifungue, la sivyo umande utaingia ndani ya chupa na kuigandisha yote.