Mwanasheria afundwe kusuluhisha, si kushinda tu

Ndugu wawili wanagombea kiwanja cha marehemu baba yao. Mkubwa hataki kiuzwe. Mdogo anataka kiuzwe, wagawane fedha. Mpe mwanafunzi wa sheria mgogoro huu, atauliza upesi: msimamizi wa mirathi ni nani? Hati ina jina la nani? Shauri lifunguliwe mahakama ipi? Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayamwelezi kwa nini mkubwa anakatalia kiwanja, wala mdogo ana haraka ya nini.

Mgogoro huohuo ukifanyiwa zoezi darasani, mambo hubadilika. Wanafunzi watano wanakaa mezani: wawili ni ndugu, wawili mawakili wao, mmoja msuluhishi. Wote wanapewa maelezo ya jumla, kisha kila upande unapewa karatasi yake ya siri. Ya mkubwa inasema wazazi wamezikwa pembeni mwa kiwanja hicho. Ya mdogo inasema anadaiwa mkopo wa biashara na muda wa kulipa unakwisha. Msuluhishi hana karatasi ya siri. Inambidi aulize na kusikiliza mpaka hayo yajitokeze.

Hapo ndipo kazi ilipo. Mawakili hukimbilia kubishana kana kwamba wako mbele ya hakimu. Msuluhishi naye, akishachoka na mabishano, huanza kuamua nani ana haki. Mwalimu husimamisha zoezi na kumrudisha kwenye nafasi yake. Kinafuata kikao cha faragha na kila upande. Msuluhishi akiropoka aliloambiwa kwa siri, anashuhudia mwenyewe jinsi wenzake wanavyofunga midomo. Hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kumfundisha hilo.

Wakifanikiwa, pengine mkubwa atanunua fungu la mdogo kwa awamu, malipo ya kwanza yafike kabla ya siku ya mkopo. Kuyaandika makubaliano hayo nako ni mtihani: nani alipe kiasi gani, lini, na asipolipa itakuwaje? Yakiandikwa ovyo, yatazaa kesi nyingine.

Ujuzi huu si pambo. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 107A, inaitaka mahakama kukuza na kuendeleza usuluhishi. Migogoro ya kazi hupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako msuluhishi ana siku 30. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka, isipokuwa katika mazingira machache. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata halitoi tena uamuzi katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Kijana anayehitimu leo atakutana na meza ya usuluhishi mapema sana katika kazi yake.

Ndiyo maana haitoshi kungoja Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mazoezi haya yaanze chuo kikuu, yarudiwe kila mwaka, na wanafunzi wabadilishane nafasi ili aliyekuwa wakili jana leo akae kwenye kiti cha mlalamikaji. Hayahitaji maabara wala mashine. Yanahitaji mwalimu aliyejiandaa, kundi dogo na muda wa kutathmini baada ya zoezi.

Vilevile wafundishwe mipaka. Mke anayepigwa hapaswi kusukumwa mezani akubaliane na anayempiga. Kuna mashauri ambayo jamii nzima inahitaji tamko la mahakama. Kuyatambua hayo ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Vyuo vyetu hutahini usuluhishi kwa kalamu, vikiuliza maana yake, faida zake na hasara zake. Mwanafunzi anaweza kupata alama za juu bila kuwahi kuketi kati ya watu wawili waliokasirikiana. Alama hizo zitolewe mezani, kwa jinsi alivyouliza, alivyosikiliza na alivyotunza siri. Mteja atakayemjia kesho akiwa amegombana na ndugu yake anastahili wakili aliyepita kwenye mtihani huo.