Usiidanganye Kerneli ya Simu Yako

"Kaka, nimepakua draiva ya kifaa changu cha Wi-Fi cha USB. Simu nimeshairuti. Nikiipakia inaniandikia Exec format error. Ile namba ya toleo naibadilishia wapi ili ikubali?"

Swali hili linanijia kwa sura nyingi. Huyu ana adapta yenye chipu ya Realtek na anataka kujifunza ukaguzi wa mitandao kwa simu badala ya kompyuta. Yule ana bodi ya Arduino yenye chipu ya CH340 na anataka kuiprogramu akiwa njiani. Vifaa vinatofautiana, kosa ni lile lile: kila mmoja ameshika faili la .ko, yaani moduli ya kerneli, lililojengwa kwa ajili ya simu nyingine, na anaomba mbinu ya kuilazimisha kerneli yake ilipokee.

Mbinu hiyo msiitumie. Imerudiwa katika video nyingi mno za mafunzo hata vijana wenye akili nzuri wanaiona kuwa hatua ya kawaida ya kazi, kwa hiyo nitaieleza kipande kwa kipande.

Ndani ya kila moduli ya kerneli kuna mstari wa maandishi uitwao vermagic. Kwa mfano unaweza kusomeka hivi: 4.14.186+ SMP preempt mod_unload modversions aarch64. Mstari huo unataja toleo la kerneli ambayo moduli ilijengewa, baadhi ya chaguo zilizowashwa wakati wa kuijenga, na aina ya prosesa. Ukiipakia moduli, kerneli husoma mstari huo na kuulinganisha na wake. Usipolingana, inakataa. Hapo ndipo mganga wa mtandaoni anapokuja na dawa yake: fungua faili kwa kihariri cha heksi, futa 4.14.186, andika namba ya kerneli yako, hifadhi, pakia tena.

Tuanze na simu ambazo dawa hii haifanyi lolote. Kerneli nyingi za Android za miaka ya karibuni hujengwa zikiwa na chaguo la CONFIG_MODVERSIONS. Chaguo hilo likiwashwa, kila shughuli ambayo kerneli inaruhusu draiva kuitumia hupewa namba ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na aina za data zote zinazopita katika shughuli hiyo. Draiva nayo hubeba orodha ya namba ilizozikuta siku ilipojengwa. Moduli ikiwa na orodha hiyo, kerneli huliruka kabisa neno la kwanza la vermagic, yaani ile namba ya toleo, na kwenda moja kwa moja kwenye namba za ukaguzi. Kijana amehangaika usiku kucha kubadilisha herufi ambazo kerneli yake haizisomi.

Ndiyo maana baada ya uhariri huo wengi hukutana na ujumbe uleule kwenye skrini, lakini dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, inasema jambo jingine: disagrees about version of symbol module_layout. Watu huisoma module_layout kama jina la kitu kinachokosekana, wakaanza kukitafuta. Hakikosekani. module_layout ni shughuli tupu ndani ya kerneli, haitendi kazi yoyote. Iliwekwa ili namba yake ya ukaguzi ibebe sura ya miundo ya data ambayo kila moduli inaitegemea, kuanzia ule unaoielezea moduli yenyewe. Namba hiyo ikitofautiana, kerneli inakuambia kwamba hata maana ya neno "moduli" kwake na kwa draiva yako si moja. Hakuna taarifa iliyo wazi kuliko hiyo, na watu wanaitafutia njia ya kuinyamazisha.

Sasa njoo kwenye simu ambazo dawa "inafanya kazi". Hizi ni zile ambazo kerneli zake hazikuwashiwa MODVERSIONS, kwa hiyo vermagic ndiyo kinga pekee iliyobaki. Hapa uhariri unapita, moduli inapakiwa, na mwenye video anashangilia. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, na sababu yake ipo katika jinsi kompaila inavyofanya kazi.

Msimbo chanzo wa draiva unataja sehemu za data kwa majina. Kompaila ikimaliza kazi, majina hayo hayapo tena. Kilichobaki ni umbali kwa baiti. Tuseme draiva ya Wi-Fi ilijengwa mahali ambapo kielekezi fulani ndani ya muundo wa net_device kimekaa kwenye baiti ya 480. Aliyeijenga kerneli ya simu yako aliwasha chaguo moja zaidi, muundo ukaongezeka baiti 8, na kielekezi kikahamia 488. Draiva haina habari. Itasoma 480, itachukua kitu kingine kabisa ikidhani ni kielekezi, na itaandika mahali ambapo kitu hicho kinaelekea. Kubadilisha vermagic hakusogezi baiti hata moja kati ya hizo. Umebandika lebo ya dawa ya kikohozi kwenye chupa ya mafuta ya taa.

Na msinijibu kwamba namba za toleo zinafanana. Simu mbili zinaweza zote kusema 4.14.186 na zikawa na miundo tofauti, kwa sababu kila mtengenezaji huchagua chaguo zake, huongeza viraka vyake, na hutumia kompaila anayoitaka. Greg Kroah-Hartman, anayesimamia matoleo thabiti ya kerneli ya Linux, aliliandika jambo hili wazi katika waraka uitwao stable-api-nonsense, ambao umo ndani ya msimbo chanzo wa kerneli yenyewe: kompaila tofauti na chaguo tofauti hutosha kubadilisha mpangilio wa data, na ndani ya Linux hakuna ahadi kwamba draiva iliyojengwa jana itafaa kesho.

Simu ikizima na kuwaka upya papo hapo, umepata nafuu, maana umejua. Balaa ni draiva inayokaa kimya. Ndani ya kerneli hakuna ukuta kati ya draiva ya Wi-Fi na mfumo wa faili. Vyote viko kwenye kumbukumbu moja na vina mamlaka sawa. Baiti zilizoandikwa mahali pasipo pake zinaweza kuangukia data iliyokuwa ikisubiri kuhifadhiwa, na ikishahifadhiwa ikiwa imeharibika, kuwasha upya hakuirudishi. Siku kadhaa baadaye picha hazifunguki, programu zinajifunga zenyewe, na mwenye simu anailaumu betri. Baadhi ya simu za miaka ya karibuni zina kinga ya ziada inayokagua aina ya kila shughuli kabla ya kuiita kupitia kielekezi. Pixel 3 ya mwaka 2018 ilikuwa simu ya kwanza ya Android kutoka dukani ikiwa nayo ndani ya kerneli. Kwenye simu kama hizo draiva ya kigeni inaweza kuiangusha kerneli mara tu inapoitwa. Kinga hiyo inakutendea hisani.

Wapo wanaosema basi watumie nguvu, yaani kupakia kwa lazima. Kerneli hukubali hilo pale tu ilipojengwa na CONFIG_MODULE_FORCE_LOAD, na ikikubali inajiwekea alama ya F, kuonyesha kwamba tangu hapo ripoti zake za hitilafu hazina wa kuziamini. Wengine wanapendekeza kuijenga upya kerneli ya simu ikiwa imezimwa ukaguzi. Hili ndilo linanikera kuliko yote. Mwenye msimbo chanzo, kompaila na uwezo wa kuijenga upya kerneli yake tayari anacho kila kitu kinachohitajika kuijenga draiva kwa njia sahihi. Anaitupa tiba ili abaki na ugonjwa.

"Mbona rafiki yangu alichukua moduli ya simu nyingine ikakubali bila tatizo?" Huenda ni kweli, na sababu ina jina: GKI, kerneli ya pamoja ya Android. Simu zilizotoka na Android 12 zikiwa na kerneli 5.10, na zilizofuata zenye kerneli mpya zaidi, hutumia kerneli inayojengwa na Google, na draiva za mtengenezaji zimetengwa kuwa moduli. Ndani ya tawi moja, mathalani android12-5.10, sehemu ambayo moduli zinaitegemea hugandishwa isibadilike. Moduli iliyojengwa kwa tawi hilo inaweza kupakiwa kwenye simu nyingine ya tawi hilo hilo. Mipaka ni tawi: android12-5.10 na android13-5.10 ni vitu viwili, ingawa namba ya kerneli ni moja. Tena hapo huhitaji kihariri cha heksi, kwa sababu moduli inakubalika yenyewe.

Sasa njia halali, na nitazipita haraka.

Kwanza jiulize kama draiva inahitajika kweli. Bodi zenye CH340, CP2102 au FTDI zinaweza kuzungumza na programu tumishi moja kwa moja. Android ina uwezo wa kuhudumia vifaa vya USB bila draiva ya kerneli tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, na zipo programu za mawasiliano ya siriali zinazoutumia bila hata ruti. Watu wa Arduino, wengi wenu safari yenu inaishia hapa.

Pili, soma dmesg, si mstari mmoja wa skrini. Ujumbe wa skrini hufunika mambo mengi. "version magic" ni kerneli nyingine. "disagrees about version" ni miundo tofauti. "Unknown symbol usb_serial_register_drivers" maana yake sehemu ya msingi ya siriali ya USB haipo, nayo ijengwe. "Required key not available", inayotokea kwenye skrini yenyewe, ni sahihi ya kidijitali inayodaiwa. Kila moja ina tiba yake.

Tatu, kusanya vielelezo kutoka kwenye simu yenyewe: uname -r kwa toleo, /proc/version kwa kompaila iliyotumika, na /proc/config.gz kwa chaguo zote. Faili hilo la mwisho ni dhahabu. Livute, lifungue, liweke kama .config ya ujenzi wako, kisha endesha make olddefconfig. Msianze na defconfig ya kubahatisha.

Nne, pata msimbo chanzo wa modeli yako hasa na wa toleo la programu lililomo ndani ya simu, si wa simu inayofanana nayo.

Tano, jengea kwenye Linux. Mfumo wa faili wa Windows au Mac usiotofautisha herufi kubwa na ndogo utameza mafaili, maana kerneli ina xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c katika folda moja, nawe utaambiwa hakuna kanuni ya kutengeneza xt_TCPMSS.o. Weka ARCH=arm64, tumia Clang ya toleo linalokaribia lile la /proc/version, na elekeza matokeo kwenye folda ya pembeni kwa O=out. Ukikuta "multiple definition of yylloc", msimbo wako ni wa zamani na kompaila ya kompyuta yako ni GCC 10 au mpya zaidi. Weka neno extern mbele ya tangazo la yylloc katika scripts/dtc/dtc-lexer.l. Ukipata kerneli yenye "+" au "-dirty" mwishoni mwa jina, git imeongeza hayo kwa sababu umehariri au haupo kwenye lebo ya toleo. Lioanishe jina na la simu kupitia LOCALVERSION. Ujenzi ukisimama, tafuta kosa la kwanza, si la mwisho.

Sita, draiva ya nje ya kerneli inaweza kuwa ya kizazi kingine. Draiva inayolalamikia init_timer iliandikwa kabla ya kerneli 4.15; inayoipa access_ok vigezo vitatu iliandikwa kabla ya 5.0. Tafuta toleo la draiva lililohuishwa kabla ya kuanza kuihariri kwa mkono.

Saba, jaribu kabla ya kuandika. Kufungua butiloda kunafuta data yote, kwa hiyo hifadhi nakala kwanza. Weka kando nakala ya boot ya awali. Kwenye simu zinazokubali, fastboot boot huwasha kerneli mpya mara moja bila kuibandika. Ikianguka, angalia /sys/fs/pstore baada ya kuwaka tena. Mara nyingi maneno ya mwisho ya kerneli yako humo. Ikiwaka lakini kifaa kimekaa kimya, kagua kama draiva inalalamikia faili la fimwea ambalo halipo.

Limebaki la msimbo chanzo. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo inamtaka anayesambaza kerneli atoe msimbo wake kwa aliyeipokea. Kama kampuni ya simu yako haijauweka hadharani, waandikie, taja namba ya modeli na ya toleo la programu, na uudai. Huombi fadhila, unadai haki yako. Kwa simu isiyo ya GKI, bila msimbo huo hakuna draiva utakayoiongeza ukawa na hakika nayo, na hakuna kihariri cha heksi kitakachobadilisha hilo.